Jiko la Jumamosi

Bibi huyu aliniamrisha kabla hajanisalimu. Nilikuwa nimeinama mlangoni kwake, Farsta, huku Uswidi, navua viatu vyenye theluji, nikasikia sauti nyembamba ikitoka jikoni: "Lete maji moto. Upesi!" Kwa Kiswahili. Nikainuka nikachungulia kumtafuta aliyesema, maana mle ndani hamkuwa na mtu ila ajuza wa Kizungu, miaka karibu tisini, nywele nyeupe pee, kakaa mezani na soksi za sufu.

Mimi mtu wa Tanga, na hasira zangu ziko karibu. Sijavuka dunia nzima nije kuitwa kwa amri jikoni kwa mtu. Nikamwambia, "Bibi, salamu kwanza. Mimi si boi wako."

Akanitazama sana. Midomo ikamtetemeka, nikadhani sasa analia, kumbe anatafuta neno. "Shikamoo, mama maziwa," akasema.

Loo! Mtu wa umri wa kumzaa mama yangu ananiamkia mimi shikamoo! Nilitamani sakafu inimeze. Kwetu hata kwa mzaha, mkubwa hamwamkii mdogo hivyo, na mdogo akithubutu kuitika, basi huyo hana haya wala hana wazazi. Sikuitika. Nikamwambia, "Hapana bibi, mimi ndiye nakuamkia. Shikamoo." Naye hakuitika, alikuwa akingoja marahaba yake. Tukabaki hivyo, kila mtu na shikamoo yake, mpaka maji yakachemka.

Kazi yangu ni huduma ya nyumbani. Unaingia kwa wazee, unawaogesha, unawapa chai na dawa, unafunga mlango, unakwenda kwa mwingine. Mara nyingi unachokijua juu ya mtu ni upande gani wa mgongo unamuuma. Huyu nilielezwa na binti yake, mwanamke wa makamo aliyekuwa akija kila jioni akitoka ofisini, anakaa mbele ya mama yake na koti lake mwilini.

Mama yake, akasema, alizaliwa katika mji mdogo wa Polandi, upande wa mashariki. Wakati wa vita askari wa Kirusi waliwachukua yeye na wazazi wake, wakawapakia treni hadi kwenye misitu ya baridi huko mbali. Walionusurika walipitishwa Iran, wakatiwa melini, wakashushwa Tanga. Tanga! Nikamkatiza, "Tanga ipi?" Akasema hajui, kwani ziko ngapi? Kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Wapolandi chini ya Mlima Meru, na huko bibi alikulia mpaka akavunja ungo. Baadaye Uingereza, baadaye hapa, akaolewa na Mswidi, akamzaa huyu binti mmoja, akamzika mume.

Sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumvua lugha moja moja. Kiswidi kilitangulia. Kipolandi kilibaki, na chini yake Kiswahili cha utotoni, cha kununulia ndizi na maziwa kwa akina mama wa Kimeru waliokuja kwenye lango la kambi. Ndiyo maana mimi, kwa huu weusi wangu, nikawa mama maziwa.

"Na wewe je, unajua Kipolandi?" nikamuuliza binti.

"Hakunifundisha," akasema. "Alitaka niwe mtu wa hapa."

Kwa hiyo bibi akisema neno, binti ananigeukia mimi. "Anasema nini?" Namtafsiria mtoto maneno ya mama yake mzazi, kwa Kiswidi changu hiki cha kuungaunga. Wallahi ilikuwa inaniuma. Nikirudi nyumbani Husby nawauliza wanangu kwa Kiswahili kama wamekula, wananijibu kwa Kiswidi bila hata kuinua macho kwenye simu. Siku moja niliwafokea: "Nyie, mimi nikija kupotewa na akili, nani atanielewa nikiomba maji?" Wakacheka. Mkubwa akasema kutakuwa na programu ya simu ya kutafsiri.

Sasa nieleze tatizo lenyewe. Jumamosi.

Kabla sijaanza kwake, bibi alikuwa ameshawasha moto mara moja, magazeti ndani ya sufuria. Binti akaondoa viberiti vyote, mishumaa yote, na jiko la umeme likafungwa kifaa cha kulizima. Watu wa manispaa wakamwambia bila kumficha: ukitokea moto mwingine hawezi tena kuishi peke yake, atahamishiwa makao ya wagonjwa wa kusahau. Binti alikuwa hataki hata kulisikia. Mama yake alishang'olewa kwao mara moja akiwa mtoto, na alikuwa amemwapia hatang'olewa tena. "Nisaidie abaki hapa," akaniambia. Nikasema nitajaribu. Ungesema nini?

Jumamosi yangu ya kwanza nilimkuta amevaa koti juu ya gauni la kulalia, kofia kichwani, anahangaika na kufuli ya mlango. "Bibi, unakwenda wapi?"

"Kwa jirani. Kuwasha jiko. Watoto napata baridi."

Nikamrudisha, akatoka. Nikamketisha, akainuka. Alianza kulia kwa sauti ya mtoto mdogo, nami nikapaza sauti yangu, nikasema bibi hebu tulia, jirani wana umeme! Haikusaidia kitu. Alilia mpaka akachoka, na mimi nikachelewa kwa wazee wengine wote wa siku ile.

Hadithi yenyewe niliipata kwa vipande, Jumamosi moja hiki, nyingine kile. Kiswahili chake hakikuwa na maneno ya kutosha kuusema mji ule, basi aliusema kwa siku za wiki. Kulikuwa na kanisa ya Jumapili, ya kwao, Wakatoliki. Kulikuwa na kanisa ya vitunguu, ya Waothodoksi, ambayo nayo ni ya Jumapili lakini mapaa yake yamevimba kama vitunguu na Krismasi yao inachelewa, kwa hiyo watoto wenye akili wanakula Krismasi mara mbili. Kulikuwa na kanisa ya Jumamosi, ya Wayahudi. "Na kanisa ya Ijumaa," akasema. "Ya miti."

"Bibi, hapo sasa unanichanganya na Arusha."

"Hapana! Ya miti. Nakuja soko, nauza ngozi. Hapana kula nguruwe. Nafanya hivi." Akainua viganja viwili mbele ya kifua, vimetazama juu, akavipitisha usoni.

Hiyo ni dua. Yule ajuza Mkatoliki alipangusa uso wake vilevile babu yangu alivyokuwa akipangusa wake kila baada ya swala. Nikatoa simu nikatafuta papo hapo, nikiwa na kijiko cha uji mkono mwingine, na kweli wapo: Waislamu wa Kitatari, karne na karne Polandi, na misikiti yao ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani. Mimi nimesoma madrasa tangu sijang'oka meno ya utoto na hakuna aliyewahi kunitajia. Nikaendelea kumlisha uji.

"Alhamisi soko," akasema. "Watu wote. Nasema yote." Kila mtu alijua maneno ya mwenzake, angalau ya kununulia na ya kutukania.

"Na Jumatatu?" nikamtania.

"Jumatatu shule," akasema, akakunja uso.

Nyumba iliyotazamana na yao ilikuwa ya fundi cherehani wa kanisa ya Jumamosi, mkewe, watoto wengi, na bibi yao ambaye kifua chake hakikuweza baridi. Watu wale, Ijumaa jua likizama, hawagusi moto mpaka Jumamosi jua lizame tena. Na baridi ya kule, nyinyi mnaojua ya hapa mnaielewa. Basi asubuhi ya Jumamosi msichana huyu Mkatoliki alikuwa anavuka njia, anaingia kwao, anapanga kuni, anawasha jiko. Akimaliza anapewa kipande cha mkate uliosukwa mfano wa nywele.

"Wakikuita ndiyo unakwenda?" niliuliza.

Akanishangaa. "Hapana kuita! Nakataza. Hapana kusema 'washa'. Nakaa tu." Akajikalia wima, mikono mapajani, kunionyesha wanavyokaa. "Mimi lazima kukumbuka."

Yaani dini yao haikuwaruhusu kuwasha, wala kumwomba mtu awawashie. Wanakaa kwenye baridi na mtoto anakumbuka. Nilirudia kumuuliza kwa njia nyingi nihakikishe sijamwelewa vibaya. Ni hivyo hivyo. Na kazi ile ilikuwa imemkaa kichwani hata baada ya jina la mumewe kuondoka.

Askari walikuja kuwachukua alfajiri ya Jumamosi. Mama yake alikuwa anatupia nguo kwenye shuka, na yeye akasema anakwenda kwanza kuwasha jiko la jirani, mara moja tu, anarudi. Akachapwa kofi, akapakiwa kwenye sleji ya kukokotwa na farasi. Walipopita mbele ya ile nyumba aliliona dirisha limeganda barafu. Baadaye waliingia Wajerumani, na wa kanisa ya Jumamosi katika mji ule hakubaki mtu. Hilo nililisoma mwenyewe. Bibi alilijua wakati fulani, lazima alilijua, alikuwa mtu mzima hapa Uswidi miaka mingi anasoma magazeti. Lakini sasa lilikuwa limemtoka, limebaki dirisha.

Binti alinipa jina la mji, nikautafuta kwenye simu. Ni mji mzuri sasa, uwanja wa katikati una maua na mabenchi. Wameweka ubao wa chuma wenye picha za zamani unaoeleza nani alisali wapi. Palipokuwa na kanisa ya Jumamosi magari yanaegeshwa. Kila kiangazi kuna sherehe, wanacheza ngoma za watu wote wale na kupika vyakula vyao. Nilitazama picha za meza za vyakula nikajiuliza vile vya watu wa Jumamosi anapika nani. Nikamwonyesha bibi uwanja. Akautazama kwa adabu tu, kama picha za harusi ya mtu asiyemjua, akanirudishia simu.

Sasa mimi nifanye nini? Kumwambia kila Jumamosi kwamba wale watu walishakufa? Nimzike yule fundi na watoto wake kila wiki, upya, mbele ya macho yake? Sikuwa na roho hiyo.

Chini ya jengo lao kuna chumba cha kufulia, kama majengo yote ya hapa, na ndani yake kabati kubwa la kukaushia nguo. Ukizungusha kitasa linaanza kunguruma na linatoa joto zuri. Jumamosi moja nilikuwa nimeshuka na shuka zake, naye ananifuata na koti lake na kofia yake, nikasema liwe liwalo. "Bibi, jiko hili hapa. Washa."

Aliligusa kwanza. Akakishika kitasa kwa vidole viwili, akazungusha. Liliponguruma alirudi nyuma hatua, akanyoosha viganja, akangoja. Joto likaja. Jamani, uso ule! Sijui niueleze vipi. Mabega yalishuka. Akasema kitu kwa Kipolandi kuelekea kule kwenye mabomba, sauti ya mtu anayeaga wenye nyumba, akanigeukia: "Basi. Twende."

Juu nilimpa andazi nililokaanga nyumbani, lenye iliki. Akalitafuna akasema si mkate wa kusukwa. "Ndiyo uliopo," nikamwambia. Akala lote na la kwangu.

Ikawa ndiyo Jumamosi zetu. Hakulia tena, hakuhangaika na mlango. Binti aliniuliza nimempa dawa gani, nikamweleza, akakaa kwenye ngazi ya chini akalia yeye. Hakuwahi kuijua habari ya jiko. Maisha yake yote mama yake alikuwa akitoka Jumamosi asubuhi kwenda kutembea, akirudi hasemi alikokwenda.

Sasa, anayejua majengo ya hapa anajua chumba cha kufulia si cha kuchezea. Kila mtu ana zamu yake, na zamu ya mtu ni heshima ya mtu. Mzee mmoja wa ghorofa ya pili alishuka na kapu lake akatukuta mbele ya kabati tupu linalonguruma, kikongwe na koti la baridi, na mimi na hijabu yangu nimemshika mkono. Akauliza tunafanya nini. Nikasema tunapasha moto. Nikasikia mwenyewe lilivyosikika. Hakugomba, angegomba ningejua la kumjibu. Alitazama saa, akazima kabati, akapiga simu ofisini kwetu.

Mkuu wetu wa kazi ni mwanamke mpole. Alinipa kahawa. Akasema anaelewa nia yangu ni njema, akalirudia, nia njema. Lakini mteja mwenye ugonjwa wa kusahau kushushwa chini ya ardhi haimo kwenye mpango wake wa huduma, na akianguka kule? Na kumzoesha kuwasha vitu, yeye hasa mwenye historia ya moto, nimefikiria? Nilimweleza mji, siku za wiki, fundi cherehani, dirisha. Nilieleza vibaya. Kiswidi changu cha kazini ni cha dawa na choo na vidonda, hakina maneno ya dirisha lile. Alinisikiliza mpaka mwisho na kichwa amekiinamisha upande. Kisha akasema Jumamosi zangu zitakwenda kwa mteja mwingine, si adhabu, ni kunipumzisha. Binti alipiga simu kunitetea, naye akajibiwa kwa upole uleule. Ugomvi naujua, nimelelewa nao. Upole ule sikupata pa kuushika.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mwenzetu mpya, asiyejua Kiswahili, dada wa watu hana kosa lolote. Akafanya yaliyoandikwa: chai, dawa, soksi. Bibi alikuwa ameketi ametulia, alisema, koti mapajani. Akaaga akaondoka.

Kiberiti alikipata wapi mpaka leo hatujui. Alitoka, akavuka baraza ya ngazi hadi mlango wa jirani wa mkabala, akapanga magazeti kwenye sinia la tanuri mbele ya ule mlango, akayawasha. Hakuungua mtu. Ukuta ulipata masizi, kengele zikalia jengo zima, zimamoto wakaja. Walimkuta amechutama kando ya sinia anapuliza ili moto ushike. Binti alinisimulia haya kwenye simu, na kila sentensi alikuwa akianza upya.

Makao aliyohamishiwa yako mbali kusini, treni ya kuelekea Södertälje, halafu basi. Ni pasafi. Wanampaka mafuta mikono, chakula ni laini, na mlango wa wodi unafunguka kwa namba tu. Namba zenyewe zimebandikwa ukutani juu ya kitasa, kwa kuwa wageni wanaweza kuzisoma na wao hawawezi. Mimi si mfanyakazi wake tena. Nakwenda Jumamosi nikiwa sina zamu, nabeba maandazi.

Wiki za mwanzo nilifikiri nimepata njia. Naingia tu namwambia, "Bibi, nimetoka kwa jirani. Nimewasha." Anauliza, "Limeshika?" Nasema limeshika sana. Anakula andazi, tunakaa.

Ilikuwa Februari, baridi ya kukata masikio, basi lilichelewa na glavu nilizisahau kwenye treni. Niliingia nikainama mbele ya kiti chake. "Bibi, nimewasha."

Akanishika mikono. Akaigeuza, akaibana katikati ya viganja vyake, akaiachia.

"Hapana," akasema. "Wewe hapana kuwasha. Mikono baridi."

Nikasema nimewasha, bibi, ni njiani tu nimepata baridi. Nikasema haki ya Mungu. Alikuwa ameshainuka. Alikwenda mpaka mlangoni kwa soksi zake, akasukuma kitasa, akasukuma tena, akaupiga kwa kiganja. Hakulia safari hii. Nilisimama karibu yake na namba zote nne machoni pangu, na nje ya mlango ule kulikuwa na korido, na nje ya korido maegesho ya magari na theluji, na sikuwa na nyumba yoyote duniani ya kumpeleka.

Akanigeukia. Aliiweka sawa ile kofia yake ya Jumamosi, akashusha macho anavyoshusha mtoto akimwomba mkubwa ruhusa.

"Shikamoo, mama maziwa."

Muda wote huo sikuwahi kumwitikia, hata siku moja. Nikasema, "Marahaba."

Akakishika kitasa vizuri, akangoja nimfungulie.